Baba anapigwa mionzi ya koo na kilo zinaporomoka: tumlishe nini?

SWALI

Washauri, salaam.

Baba yangu ana miaka 61 na ana saratani ya koo. Amepangiwa mionzi vipindi 35, siku tano kwa wiki, na kila Jumatatu anawekewa dripu ya kemo. Mpaka Ijumaa hii amemaliza vipindi 15. Siku ya kwanza alikuwa na kilo 68. Ijumaa mizani ilisoma 63.6.

Wiki mbili za mwanzo alikula vizuri tu. Hii ya tatu mdomo umejaa vidonda, mate yamekuwa mazito yanavutika, na anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Kwa siku anapata kikombe cha uji mwepesi asubuhi, mchana bakuli la supu ya kuku ambayo mama anaichuja ili isimkwaruze, na jioni glasi ya juisi ya machungwa na vijiko vitatu vinne vya viazi vya kuponda. Juisi yenyewe anainywa huku machozi yanamtoka. Akinywa maji, anakohoa. Dawa ya maumivu anaitumia yakizidi tu, kwa sababu anaogopa kuizoea.

Daktari alimtajia mrija wa kulishia, akakataa katakata. Anasema akishawekwa mrija, basi tena. Mjomba naye ametuambia tuache kumpa sukari na nyama kwa kuwa vinalisha saratani, na ametuletea chupa tatu za vitamini na dawa ya miti shamba ya kuchanganya na chai. Mama mmoja kwenye foleni ya mionzi alituambia yeye amekatazwa maziwa na mboga za majani, sasa hatujui kama na sisi tuviache. Na mama yangu ametenga kikombe na sahani ya baba, anahofia mionzi isije ikawafikia wajukuu.

Tufanye nini? Mzee hana kisukari wala ugonjwa wa figo.

Binti Mkubwa

JIBU

Binti Mkubwa, pole sana na kuuguza, na mzee mfikishie salamu zetu.

Tuanze na mizani. Kutoka 68 hadi 63.6 ni kilo 4.4, yaani karibu asilimia 6.5 ya uzito wake, katika wiki tatu. Mgonjwa akipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa yuko hatarini, na baba bado ana vipindi 20. Isitoshe, vidonda vya mionzi ya koo huwa vikali zaidi kuelekea mwisho wa matibabu na wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Kwa hiyo msisubiri hali itulie yenyewe. Haitatulia kwa sasa.

Jumatatu, kabla hajalala kwenye mashine, waambieni wataalamu wa mionzi kuhusu kilo hizo, na waulizeni kama kinyago bado kinamkaa sawasawa. Kinyago kile cha plastiki kilifinyangwa kufuata uso na shingo yake ya siku ya vipimo. Shingo ikikonda, kinapwaya. Kikipwaya, kichwa kinasogea, na mionzi ya koo hupangwa kwa milimita. Ikibidi kinyago kitengenezwe upya na mionzi ipangwe upya, siku zinapotea, na seli za saratani zilizobaki huzitumia siku hizo kuota tena. Ndiyo maana timu ya mionzi inazifuatilia kilo zake kwa karibu kiasi hicho. Siku hiyohiyo ombeni kuonana na mtaalamu wa lishe. Msingoje siku ya kumwona daktari.

Sasa chakula chenyewe. Tumepiga hesabu ya siku uliyoieleza. Kikombe cha uji mwepesi wa maji kina kalori 100 hadi 150. Supu iliyochujwa haifiki 50, kwa sababu kilichobaki kwenye chujio ndicho chakula. Glasi ya juisi ni 110 hivi, na vijiko vile vya viazi ni 80. Kwa ujumla hazifiki kalori 400, na protini haizidi gramu 10. Mtu wa kilo zake, akiwa kwenye mionzi, anahitaji karibu kalori 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani 1,900 kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, yaani gramu 75 hadi 95. Upungufu wote huo mwili unaufidia kwa kula misuli yake wenyewe.

Tazama lakini ujazo: tayari anameza karibu lita moja ya vitu. Shida ni kwamba karibu yote ni maji. Msimbembeleze ale zaidi, kumlazimisha mtu mwenye vidonda kunaishia kwenye ugomvi. Kazi yenu ni kuhakikisha kila anachokimeza kina nguvu. Mkipata lita moja na nusu ya vyakula vilivyoimarishwa, mmefika.

Uji uwe hivi. Chukua vijiko vikubwa vinne vya unga laini (gramu 40 hivi), uupike kwa mililita 400 za maziwa yenye mafuta yake badala ya maji. Ukishaiva, koroga ndani yake vijiko vikubwa viwili vya kulundika vya maziwa ya unga uliyoyalainisha kwanza kwa maziwa kidogo ya vuguvugu (ukiyatia makavu yanaganda mabonge), kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga laini isiyo na vipande, na sukari vijiko viwili vya chai. Pitisha kwenye chujio la waya ili kuondoa makapi ya nafaka; uji ni sawa kuuchuja, kwa kuwa nguvu yake imeyeyuka ndani. Hapo una karibu nusu lita yenye kalori zaidi ya 750 na protini gramu 28 hivi. Mpe nusu asubuhi na nusu baadaye.

Ukiwa mzito kiasi cha kumkwama, msiuongeze maji. Tumieni unga wa kimea. Acha uji upoe mpaka uweze kuonjwa bila kuunguza ulimi, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga, subiri dakika kumi. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipua hukata wanga, na uji mzito unageuka kuwa wa kunyweka huku kalori zote zikibaki. Halafu urudishe jikoni uchemke dakika chache, kwa sababu unga wa kimea mara nyingi una vijidudu na kemo inashusha kinga. Kosa la kawaida ni kutia kimea kwenye uji unaotokota: vimeng'enya vinakufa papo hapo, uji unabaki vilevile, watu wanasema kimea hakifanyi kazi.

Supu msiichuje tena, isageni. Nyama ya kuku iliyopikwa ikalainika, isiyo na mfupa wala ngozi, gramu 80 (kama kiganja kidogo), kiazi kimoja kilichochemshwa, mchuzi mililita 200 na kijiko kikubwa cha mafuta. Blenda izunguke dakika mbili nzima, si sekunde kumi na tano, maana nyuzi za nyama ndizo zinazomkwaruza. Ikiwa bado ina nyuzi, ndipo uipitishe kwenye chujio huku ukiisukuma kwa mgongo wa kijiko. Hiyo ni kalori 350 na protini gramu 25 hivi. Ukitaka kuongeza yai, livunje kwenye supu inayochemka, likoroge mpaka liive kabisa, kisha usage. Yai bichi hapana, hata kama mtu atakwambia linalainisha koo.

Cha tatu ni maziwa ya kunywa: nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa, na vijiko vikubwa vinne vya kulundika vya maziwa ya unga, gramu 60 kwa jumla. Hayo ni kalori 600 na protini gramu 30. Ongeza nusu parachichi lililosagwa, kalori 160. Jumlisha na uji na supu, umekaribia 1,900 na protini imepita gramu 80.

Gawa vyote hivyo katika vikombe vya mililita 200, saba au nane kwa siku, kila baada ya saa mbili. Andika kwenye karatasi ukutani saa na kiasi alichomaliza, si ulichomwandalia. Karatasi hiyo nendeni nayo kliniki. Mtaalamu wa lishe ataisoma haraka kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Siku ya mionzi mpe nafasi ya saa moja kati ya kikombe na kulala mezani, kwa kuwa kichefuchefu ndani ya kinyago ni hatari, na kikombe kingine mbebe kwenye chupa cha kunywa akitoka. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kitupeni. Maziwa yasiyochemshwa yasimkaribie.

Angalizo moja ambalo familia nyingi hazilijui: msiruke kutoka kalori 400 hadi 1,900 kwa siku moja. Mtu aliyekula kidogo sana kwa zaidi ya siku tano, akishindiliwa chakula ghafla, fosfati, potasiamu na magnesi kwenye damu vinaweza kushuka kwa kasi na kuyumbisha moyo. Siku mbili za kwanza mpeni kama nusu ya lengo, kalori 900 hadi 1,000, kisha pandisheni taratibu hadi mwisho wa wiki. Jumatatu ombeni apimwe madini hayo na muulize kama anahitaji vitamini B1 kabla ya kuongeza chakula. Miguu ikivimba ghafla, moyo ukienda mbio au pumzi ikibana katika siku hizo, ni hospitali.

Yote hayo hayatapita kooni kama maumivu hayajadhibitiwa, na hapa ndipo tunapotofautiana na mzee. Dawa ya kutumiwa "yakizidi" inafika vikombe viwili vikiwa vimeshakataliwa. Inatakiwa itumiwe kwa saa, kama ilivyoandikwa, na dozi mojawapo iangukie nusu saa hivi kabla ya kula. Mwombeni daktari ya maji badala ya vidonge. Kama atapewa mofini ya maji, hofu ya kuizoea isimzuie: mgonjwa anayeitumia kwa maumivu ya vidonda, kwa dozi aliyoandikiwa, hupunguziwa taratibu vidonda vinapopona. Kinachomsumbua kila mtu na mofini ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Akipewa dawa ya ganzi ya kusukutua, ale polepole na vitu vya vuguvugu, maana mdomo uliokufa ganzi hauhisi moto wala tonge linalokwenda kombo. Na msimnunulie wenyewe ibuprofen wala diclofenac. Kemo inayotumika sana pamoja na mionzi ya koo inaelemea figo, na dawa hizo zinaongeza mzigo uleule.

Mdomo wenyewe usafishwe hivi: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea, ile bikaboneti tupu. Si magadi, na si hamira. Asukutue kwa nusu dakika na kutema, kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho, na kabla na baada ya kila kikombe. Tengenezeni mapya kila siku. Soda hii ndiyo inayokata yale mate yanayovutika, na ladha ya chuma pia hupungua kidogo. Dawa za dukani za kusukutua zenye pombe zinachoma na kukausha, ziwekeni mbali. Mswaki uwe laini kabisa. Mkiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi au ndani ya mashavu, hiyo huenda ni fangasi, na sukutuo halitaiondoa. Inahitaji dawa, na ikitibiwa mara nyingi mgonjwa anarudi kumeza ndani ya siku chache.

Juisi ya machungwa iacheni leo. Asidi kwenye kidonda ni mateso ya bure kwa kalori 110. Vivyo hivyo ndimu, nyanya, siki, pilipili, mkate mkavu, na chochote cha moto sana. Ndizi mbivu iliyosagwa na maziwa inafanya kazi ileile bila machozi. Wapo watakaowaambia maziwa yanaongeza makohozi: hayaongezi mate, ila yanaacha utando unaoyafanya yahisike mazito, na sukutuo la soda baada ya kunywa linautoa. Kwa ladha ya chuma jaribuni kijiko cha plastiki au cha mti, na chakula cha baridi, ambacho harufu yake haimfikii sana. Nyama ikimchukiza, msibishane naye. Yai, samaki, maziwa na maharagwe yaliyosagwa yakapitishwa kwenye chujio vinabeba protini vilevile. Ladha hurudi polepole, kwa wengi baada ya miezi, na mate huenda yasirudi kama zamani.

Kukohoa akinywa maji ni jambo tunaloliogopa kuliko vidonda. Maji ndiyo magumu kuyaongoza kwa koo lililovimba, kwa sababu yanakwenda kasi na yanaweza kuteremkia kwenye mapafu. Ombeni apimwe na mtaalamu wa kumeza, na mweleze wazi kwamba anakohoa. Kabla ya hapo akae wima kabisa akila, funda dogo kwa kijiko, moja likishuka ndipo jingine, hakuna mazungumzo wala televisheni, na asilale kwa nusu saa baadaye. Angalia kama uji mzito kidogo unashuka bila kikohozi kuliko maji. Taarifa hiyo itamsaidia mtaalamu kuamua uzito wa vinywaji vyake. Sauti ikiwa ya majimaji kila akimeza, au kukija homa na kifua kubana, msingoje. Kwa mtu aliye kwenye kemo, homa ya nyuzi 38 pekee inatosha kumpeleka hospitali usiku huohuo.

Jumla ya vinywaji na vyakula vya maji ilenge lita mbili kwa siku. Mkojo wa rangi nzito na kizunguzungu akisimama ni dalili kwamba hazifiki, na figo zilizo kwenye kemo hazivumilii hilo.

Tuje kwenye mrija, ambao tunadhani ndio ugomvi halisi nyumbani kwenu. Baba ameona watu wakiwekwa mrija katika siku zao za mwisho, akaunganisha mambo mawili. Kwenye mionzi ya koo mambo ni kinyume: mrija huwekwa kwa sababu mgonjwa anatibiwa ili apone, na kuna kipindi kinachojulikana cha kuanza na kwisha ambacho koo haliwezi kazi. Vidonda vikipona na akirudia kula vya kutosha kwa mdomo, unatolewa. Upo wa aina mbili. Wa puani, mwembamba, huwekwa bila upasuaji na unafaa kwa wiki chache. Wa tumboni huwekwa kupitia tundu dogo kwenye ngozi ya tumbo, na huchaguliwa inapoonekana utahitajika kwa zaidi ya mwezi hivi. Akiwa na vipindi 20 mbele na wiki za kupona baada yake, muulizeni daktari upi anaushauri na kwa nini.

Mnaweza kumpa mzee mpango unaomheshimu: tujaribu haya tuliyoandika kwa wiki hii. Kama kufikia Ijumaa anameza chini ya asilimia 60 ya mahitaji, yaani chini ya kalori 1,100 hivi, au amepoteza kilo nyingine mbili, akubali mrija kabla hajaishiwa. Daktari akitaka uwekwe mapema zaidi, hasa kwa ajili ya kile kikohozi, neno lake lishike. Mrija unaowekwa mtu akiwa bado anatembea ni rahisi kwake kuliko ule wa dharura wiki ya sita.

Ukishawekwa, mambo yanayoharibika ni yaleyale. Unaziba, kwa sababu watu wanapitisha uji au supu ya kusaga kwenye mrija mwembamba wa pua. Upite ule mchanganyiko ulioelekezwa na hospitali tu. Usukumiwe maji mililita 30 hadi 50 kabla na baada ya kila mlo na kila dawa. Vidonge vya kutoa dawa taratibu havisagwi kamwe. Ombeni ya maji. Mlo wa mililita 200 hadi 250 uteremke wenyewe kwa uzito wake kupitia bomba kubwa la sindano lililotolewa kisukumio, kwa dakika 15 hadi 20, kifua kikiwa kimeinuliwa, na abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima. Akisukumiwa haraka anatapika, halafu lawama inakwenda kwa maziwa. Kwa wa puani, kila mara kabla ya kulisha angalieni alama iliyo kwenye tundu la pua na mpime majimaji ya tumbo kwa karatasi ya asidi mtakayofundishwa: namba iwe 5.5 au chini yake. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakuaminiki. Alama ikisogea, msimlishe. Na hata akiwa na mrija, aendelee kumeza vijiko kadhaa vya maji au uji mara kadhaa kwa siku, kadiri mtaalamu wa kumeza atakavyoruhusu. Misuli ya koo ikikaa bila kazi kwa wiki kadhaa hukakamaa, na hapo ndipo mrija unaogeuka kuwa wa muda mrefu.

Mjomba ana nia njema, lakini hapa msimfuate. Ni kweli seli za saratani zinatumia sukari, kama seli zote za mwili. Ukiiondoa kwenye kikombe, ini litaitengeneza kutoka kwenye misuli ya mzee, na uvimbe utakula kama kawaida. Ushauri wa kupunguza nyama nyekundu ni wa mtu mzima anayejikinga na baadhi ya saratani. Mgonjwa anayekonda anahitaji protini popote inapopatikana. (Angekuwa na kisukari, tungepanga mlo na dawa pamoja, na bado tusingemkondesha.) Chupa za vitamini pelekeni kliniki zikiwa na maandishi yake. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2005, wa wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi, uliwapa baadhi yao vitamini E ya dozi kubwa. Katika kipindi cha kuitumia, saratani mpya zilijitokeza zaidi kwao kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Vitamini za kwenye chakula hazina neno. Dawa ya miti shamba iacheni mpaka matibabu yaishe, kwa sababu hakuna anayejua inavyogongana na kemo kwenye ini na figo zake. Kama mzee anavuta sigara, sigara nayo inapunguza nguvu ya mionzi, maana uvimbe wenye oksijeni kidogo haufi vizuri.

Yule mama wa foleni huenda anapigwa mionzi ya nyonga. Kule utumbo ndio unaounguzwa, kuhara ndiko kunakokondesha, na wengine hupunguziwa maziwa na mboga zenye nyuzi kwa muda. Ushauri wake ni sahihi kwake. Utumbo wa baba haujaguswa.

Kikombe na sahani virudi kabatini. Mionzi inayotoka kwenye mashine haibaki mwilini, ikizimwa, imekwisha. Wajukuu wamkalie mapajani. Wanaopewa madini ya mionzi ya kumeza au kupandikizwa ndio hupewa masharti, na hospitali huwaambia.

Mwisho wa vipindi 35 msifunge blenda. Wiki mbili za kwanza baada ya mionzi mara nyingi ni ngumu kuliko zote, na kwa wakati huo hamwendi kliniki kila siku, kwa hiyo wengi hukonda hapo bila mtu kuona. Endeleeni na vikombe vilevile na mpimeni kila wiki, siku ileile, mizani ileile, nguo nyepesi, mpaka uzito utulie kwa mwezi mzima. Kutembea kidogo kila siku kunasaidia protini irudi kwenye misuli. Na jino likimuuma, asing'olewe kabla daktari wa meno hajaongea na timu ya mionzi, hata ikiwa imepita miaka kadhaa, maana mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida sana.